Ruhusa Waliyoichukua Nikiwa na Dawa ya Usingizi

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nauza vitenge Buhongwa, hapa Mwanza. Wasomaji wenzangu, mume wangu Hamisi aliniletea mke mwenza kwa ruhusa yangu mwenyewe... ruhusa ambayo siikumbuki mpaka leo!

Siku ya ndoa yetu marehemu baba yangu aliweka sharti mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hamisi asioe mwingine mpaka mimi nikubali kwa kinywa changu, wazee wakisikia. Hamisi alikubali haraka haraka. Wakati ule hakuwa hata na kitanda, angekataa nini?

Miaka ikapita, akapata duka la vipuri, akapata na kitambi. Ndipo akaanza kuniomba ruhusa. Aliomba kwa upole, akaomba kwa kununa, akaomba kwa kususa chakula, halafu ananyemelea jikoni kula kiporo akidhani sisikii. Kila mara nilikataa.

Mwaka jana vidonda vya tumbo vilinizidi. Daktari akasema lazima niingizwe mpira wenye kamera kupitia mdomoni, na kwamba ningechomwa sindano ya usingizi. Hamisi akajitolea kunisindikiza. Mwanaume ambaye hajawahi kunipeleka hata kliniki ya uzazi! Nikafurahi... Jamani, nikafurahi.

Nesi alitukalisha wote wawili akatueleza. Dawa ingekaa mwilini mpaka kesho yake. Ningeweza kuongea na kujibu watu, kisha nisikumbuke chochote. Nisiwashe jiko, nisiende kuuza, nisikubaliane na mtu jambo lolote kubwa. Hamisi alisikiliza kama mwanafunzi siku ya mtihani. Alirudia kumuuliza nesi kama kweli sitakumbuka.

Nyumbani nakumbuka vipande tu. Koo lilikuwa linauma. Alinifunika kanga, akaninywesha uji wa vuguvugu aliouchemsha mwenyewe. Nilisikia sauti za watu, nikadhani wamekuja kumwona mgonjwa. Nikalala mpaka asubuhi, nikamshukuru Mungu kwa mume mwema!

Wiki kadhaa baadaye shangazi yake, Bi Mwajuma, aliingia dukani kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika huku akinikumbatia. Akanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Akasema harusi ya Kisesa ilipendeza sana, ila hawakunialika wasije wakaniumiza. Harusi gani? Ya nani? Nikakaa juu ya robota la vitenge.

Jioni nilimkabili Hamisi. Hakuona hata haya.

"Uliulizwa mbele ya wazee, ukasema sawa," alinijibu.

"Niliulizwa nikiwa nimelala, Baba Zuhura."

"Macho yalikuwa wazi."

Huyo ndiye mwanaume niliyemzalia! Alishindwa kunipata nikiwa na akili zangu, akangoja nidungwe sindano. Hata mwizi wa kuku ana ujasiri kuliko yeye.

Nikawaita wazee. Walikuja wale wale, kanzu zimepigwa pasi, wakanywa chai yangu yote. Nikawauliza kama hawakuona kwamba nilikuwa nasinzia katikati ya maneno. Mmoja akakiri kuwa siku ile nilijibu "sawa" hata aliponiuliza naitwa nani... Wakacheka! Watu wazima na ndevu zao, wakacheka sebuleni kwangu.

Nikaomba talaka hapo hapo. Ghafla wote wakawa na hekima. Wakanisihi ningoje kwanza, eti mtu hafanyi uamuzi mzito akili ikiwa haijatulia!

Niliwaambia sijawahi kutulia kama siku ile. Hamisi akaanza kulia. Sikumpa hata kitambaa.

Leo naishi kwa kaka yangu Misungwi, na talaka yangu ninayo. Sitawadanganya, ninaumia. Nyumba ile niliihangaikia tofali kwa tofali, na sasa mwingine anapika humo. Lakini yule mwoga simlilii.

Dada zangu, nawasihi! Ukienda kuchomwa sindano ya usingizi, nenda na mtu wa kwenu. Akurudishe nyumbani, akae kando ya kitanda chako, asiruhusu mtu akuulize neno mpaka akili irudi. Mume anayekupenda hatakasirika. Akikasirika, muulize alikuwa na mpango gani na usingizi wako.