Kinyaa cha Daktari Mniko

Stendi ya Tarime siku ya mnada ni mahali pa kuziba pua. Moshi wa pikipiki, maji ya samaki, mavi ya ng'ombe yamekanyagwa mpaka kwenye ngazi za maduka. Adhiambo, muuza vitenge wa Nyamisangura, alikuwa akipita kwa ncha za vidole ndani ya gauni lake la njano, pasi imelala vizuri, ndipo mwanaume mmoja aliyebeba dumu begani alipogongwa na mkokoteni. Kifuniko kikaruka. Ute mzito wa bluu ukammwagikia Adhiambo kuanzia kifuani hadi magotini.

"Yawa! Nini hiki? Makamasi?"

"Samahani, dada. Ni jeli ya altrasaundi. Haina madhara."

"Inanata! Inateleza! Natapika mimi!"

"Tapika tu. Mimi ni daktari."

Adhiambo akacheka bila kutaka, na hapo ndipo alipoponzeka.

Daktari Mniko, kijana wa Kikurya kutoka Nyanungu, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa udaktari na madaktari wenzake kupima bega kwa altrasaundi. Basi simu zikaanza.

"Kamasi wangu, umeshindaje?"

"Usiniite hivyo, mshenzi wewe! Umekula?"

"Nitakulaje? Nimeshinda kwenye makwapa ya watu."

"Nawa kwanza ndiyo unipigie, mpenzi."

Miezi ikapita kwa utani huo, lakini la ndoa Mniko hakulitamka. Adhiambo alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukamchefua. Mwanaume gani huyu, mapenzi kila siku, nyumbani kwa mtu hafiki?

Mama yake, Zilpa, alikaanga samaki sokoni, na bega la kulia lilimuuma hata kilemba alifungiwa na bintiye. Adhiambo akaona njia imepatikana: mama aende darasani kama mgonjwa wa kufundishia, apimwe, na hapo hapo Mniko amfahamu. Hakumdokeza Mniko kitu. Alitaka kumshtukiza.

Chumba cha darasa kilikuwa na joto la kuchukiza. Jeli ilikauka kwenye shuka, na kijana aliyevua shati ili wenzake wajifunzie kwake alinuka beberu.

"Mkono nyuma, kama unatoa simu mfuko wa suruali," Mniko alimwelekeza. "Hapo kano inajitokeza chini ya mfupa. Na hiki kipimio cha mkononi msikilaze. Ukikilaza, hata kano iliyo nzima itaonekana nyeusi, utasema imechanika, mtoto wa watu akapasuliwe bure. Mgonjwa mwingine!"

Zilpa akaingia na harufu yake ya samaki, akaketi, akashusha blauzi begani.

"Daktari, huyu ndiye mama yangu," Adhiambo alisema huku akitabasamu.

Mniko aligeukia ukutani kwa kasi. Kipimio akamsukumia Daktari Efrazia aliyekuwa karibu. "Shikamoo, mama," aliuambia ukuta, mkono hakutoa, akatoka nje amejifunika macho. Mwanafunzi mmoja akaziba pua, mpumbavu yule, na wengine wakacheka.

Mniko alipopiga simu jioni, Adhiambo aliipokea ili amtukane.

"Umemwonea kinyaa mama yangu!"

"Adhiambo, nisikilize..."

"Umefunika macho! Makwapa ya watu unashika, bega la mama ndilo linakuchefua? Samaki hao ndio walionilea! Wewe ndiye unayenuka, Mniko. Roho yako inanuka."

Akakata, akaifuta namba, akaingia jikoni akilia kwa hasira. Zilpa alikuwa akichambua dagaa kwa mkono wa kushoto, anacheka peke yake. Efrazia alikuwa amempima, kano haikuchanika, akapewa mazoezi.

"Mama, unachekaje na sisi tumedharauliwa?"

"Nyathina, mwanangu, nijibu. Mwanaume ananisalimia bila mkono. Nikifunua bega, anageuza uso. Chumba nilichomo, anatoka. Mkurya anamfanyia hivyo nani?"

Adhiambo akavuta kigoda, akaketi.

"Na sisi Wajaluo tunamfanyia nani?"

"Mama mkwe," Adhiambo alijibu polepole. "Lakini hajanitamkia neno!"

"Kanitamkia mimi, mbele ya darasa zima. Toka nje. Yuko getini tangu alipokupigia, ameipa nyumba mgongo, majirani wanadhani ni mwizi."

Kweli, Mniko alikuwa getini na koti lake jeupe la kazini, anatazama barabara.

"Kwa nini hukuniambia?" Adhiambo alimuuliza mgongo.

"Wazee wangu wanashuka kutoka Nyanungu Jumamosi. Nilitaka waseme wao kwanza, kama inavyopasa. Wewe ukaniletea mama mkwe kashusha blauzi! Nikimshika vile, nitamwoaje bintiye?"

"Nimekutukana vibaya sana, Mniko."

"Kipimio ulikilaza, mpenzi. Kano nzima, ukasema imechanika."

Adhiambo alitaka kucheka, kilio kikamtangulia. Akamwegemea, akalia mpaka pua ikamwagika, na leso hakuwa nayo. Akafutia kwenye bega la lile koti jeupe, mfuto mrefu, wa kuchukiza, wenye kung'aa.

"Haya, makamasi ya kweli hayo. Unaona kinyaa?"

"Sana," Mniko alisema, wala hakulitoa bega.