Aliyeitwa Katikati ya Picha

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tisa alasiri, Florence alifungua lenzi ambayo marehemu mumewe Cirillo, mpiga picha, alikuwa ameiagiza kutoka Kampala. Ilifika kwa basi siku kumi na mbili baada ya mazishi.

Ilikuwa lenzi pana isiyo na zumu. Ukitaka mtu awe mkubwa katika picha, unamfuata kwa miguu yako. Florence aliamua kujifunza kuitumia, maana studio ya mumewe katika soko la Konyo Konyo sasa ilikuwa yake, na mikono yake ilihitaji kazi. Alikuwa hajalia bado. Alimsimamisha binti yao Rejoice, wa miaka sita, katikati ya ua wa nyumba yao mtaani Atlabara, akapiga.

Pembeni mwa picha palikuwa na bega la mwanamume, limevutika jinsi lenzi hii inavyovuta kila kitu cha pembeni. Lilikuwa ndani ya shati la bluu. Ndilo walilomzika nalo Cirillo. Na uani palinuka udongo mbichi, kama uliochimbwa sasa hivi, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba.

Florence hakuogopa. Hakuhisi kitu. Aliinua kamera tena, na kwa mazoea ya kazi akasema lile ambalo wapiga picha humwambia mtu wa pembeni ili uso wake usivutike:

"Wewe wa mwisho, sogea katikati."

"Mama, unamwambia nani?" Rejoice akauliza. "Niko peke yangu."

Katika picha ya pili Cirillo alikuwa amesimama katikati, anamtazama mkewe. Rejoice, ambaye hakuwa ameinua mguu, alikuwa pembeni.

Florence akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Kila siku Cirillo alionekana wazi zaidi, na kila siku Rejoice alisukumwa mbali zaidi, mpaka mtoto mwenyewe akaacha kukatiza uani, akawa anatembea kwa kufuata ukuta, bega lake likikwaruza saruji, kwaru, kwaru, hali chakula wala hasemi, na mama yake akayaona hayo yote, akapiga tena.

Jumapili baada ya misa alikuja wifi yake Teresina, na sufuria ya maharage.

"Ee Florence, hiyo lenzi usinielekezee! Jirani yetu Harriet alipigwa picha na ya hivyo harusini, kichwa kikatoka kama tikiti maji."

Florence hakucheka. Alimpa kamera aangalie picha. Teresina akatazama, akakaa chini taratibu.

"Umemwita wewe?" akanong'ona.

"Nilimwambia tu asogee."

"Hili ni jini, wifi. Limevaa sura."

"Uso ni wake. Shati ni lake. Niachie huyu, tafadhali."

"Kaka yangu angemsukuma mtoto pembeni?"

Florence akatazama picha ya mwisho. Rejoice alikuwa amebaki jicho moja na mkono mmoja. Katika picha ijayo asingekuwa na nafasi tena. Akamkimbilia mtoto ukutani, akamwinua, na ubavu wake mmoja ulikuwa baridi kama mtungi. Teresina akanyunyiza maji ya baraka, akaanza rozari, lakini harufu ya udongo ikazidi, na ijapokuwa Rejoice alikuwa mikononi mwa mama yake, kwaru, kwaru iliendelea kuuzunguka ukuta, ikapita mlangoni, ikapita jikoni, ikaja mpaka nyuma ya shingo ya Florence, ikanyamaza, na hapo mtu akakohoa kikohozi cha Cirillo.

"Mama Rejoice," ikasema sauti, polepole. "Unanifukuza kwangu?"

"Sala yangu haitoshi," Teresina akanong'ona. "Aliyemkaribisha ndiye anayemtoa. Sema, wifi."

Florence alitaka kugeuka. Alitaka kumwona mara moja tu, bila kamera. Akamkumbatia mtoto kifuani, akafumba macho.

"Toka," akasema. "Mume wangu nimemzika. Hapa si kwako. Kwa jina la Yesu, toka."

Harufu ikakatika. Ubavu wa Rejoice ukapata joto kidogo kidogo, naye akasema ana njaa.

Ndipo Florence akalia, kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa Cirillo alikuwa amekufa.

Ee Mungu, mpumzishe mtumishi wako Cirillo mahali pasipo na kilio. Asiitwe tena na yeyote ila wewe. Amina.