Marashi kwa Mjane

"Salamu za mwisho ni za Shangazi wa Lindi," sauti ya redio ilisema. "Anamuuliza bibi harusi wa Palma, nguo ziko tayari? Sherehe ni Jumamosi."

Mwanaharusi aliizima redio yake ya Philips. Pasi ya mkaa ilikuwa bado mkononi.

Amri imefika.

Ilikuwa Jumatatu, saa saba mchana, Januari 1968. Mwaka wa nne huu yuko Palma ya Msumbiji, ugenini, akifua na kupiga pasi sare za maofisa wa Kireno. Kwao ni Lindi, ng'ambo ya Ruvuma. Majirani walimjua kama dobi mpole, asiyependa maneno.

Wapigania uhuru walimjua kwa jina moja tu. Tandu.

Chini ya jiko lake kulikuwa na filamu nyembamba kama kidole cha mtoto mchanga. Aliipiga kwa Minox, kamera ndogo ya siri, ndani ya ofisi ya kapteni, sare zikiwa begani. Sekunde nane. Ilionyesha ramani ya mabomu yote yaliyofukiwa katika njia za Quionga zinazoshuka mtoni.

Jumamosi akina mama arobaini wangevuka mto na masanduku ya risasi vichwani. Wangepita njia hizo hizo.

Filamu isipofika kabla yao, wangelipuka.

Guia, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, alikwisha kuiomba. Alisema anarudi kwao, amechoka na ugeni. Boti la Alhamisi hadi Moroni, meli hadi Unguja, kisha Lindi. Ndivyo karatasi ilivyosema. Kweli yenyewe ilikuwa nyingine. Boti likisimama kisiwani Rongui kuchukua maji, yeye angeshuka, na Issufo, mpigania uhuru mwenzake, angemvusha kwa ngalawa ya mashine.

Lakini guia ilitoka kwa siku tatu. Watu wengine walingoja mwaka mzima.

Nani kaiharakisha?

Jumanne vifurushi vikaanza. Palma mtu akisafiri kwenda kwao hasafiri na vyake. Kila mwenye ndugu njiani huleta chochote, hukifungua mbele ya watu, husema cha nani. Kukataa ni kutukana.

"Papa huyu mpe dada yangu," alisema Bi Mwanaasha wa nyumba ya pili. "Na umwambie nimenenepa."

"Bibi, unanituma kusema uongo nikiwa juu ya maji?"

"Sema hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyekonda."

Watu wakacheka. Mwanaharusi alicheka pia, macho yakiwa mlangoni.

Mlangoni alisimama mwanamume mgeni. Kofia mpya, kanzu mpya, viatu vya Bata. Aliitwa Rachide, mchuuzi wa nguo aliyekuja Palma majuma mawili nyuma.

"Dada, na mimi kwetu Lindi," alisema. "Dada yangu kafiwa na mumewe mwezi uliopita. Yumo edani, masikini. Nimemtafutia cha kumliwaza."

Akafungua. Doti ya kanga nyekundu. Pakiti ya hina. Chupa ya marashi. Kopo la poda.

Bi Mwanaasha aliacha kutafuna tambuu.

Mwanaharusi hakubadili uso. "Poleni na msiba. Mzigo utafika."

"Utafikia kwa nani huko?"

"Kwa watu."

Rachide alitabasamu na kuondoka.

"Huyu kavaa kofia," Bi Mwanaasha alinong'ona, "kilichomo kichwani sijui."

Mwanaharusi alikwisha kujua. Mwanamke aliye edani hajipambi miezi minne na siku kumi. Hatii hina, hagusi manukato. Kaka wa kweli angetuma mchele, angetuma kanga nyeupe.

Hakuna dada. Hakuna msiba.

Kuna kifurushi tu.

Alifunga mlango, akalipima kopo mkononi. Zito. Akachomoa kitana cha nywele, akavuta mpini. Wembe mwembamba ukatoka. Kifuniko kikabanduka.

Chini ya poda kulikuwa na betri mbili, waya uliosokotwa na kidude cha chuma kikubwa kama viberiti viwili. Kilikuwa na joto. Kinafanya kazi.

Hakikuwa bomu. Kilikuwa chombo cha redio, kinarusha mlio wa kuita.

Kinamwita nani?

Jibu lilikuja Jumatano, na mwenzake wa siri, Amélia, mama yake Alzira. Alikuwa Mmakonde wa Mueda, mpishi wa Inspekta Henrique wa PIDE, polisi wa siri wa Kireno. Alileta makoti ya bosi wake yapigwe pasi.

"Anakwenda kwao likizo," alisema. "Lisboa. Kesho, kwa lancha, motaboti ya kusini hadi Mocímboa. Anataka koti la sufu, kwao baridi. Mwanangu, nimepanga sanduku hilo mpaka kiuno kinaniuma."

"Mama Alzira, kuna lancha nyingine?"

Amélia alitazama dirishani kwanza. "Ya doria. Imejazwa mafuta tangu jana. Inajificha nyuma ya rasi. Nilikuwa namimina kahawa, nikamsikia Inspekta anawaambia askari wake: msikaribie, fuateni mlio tu, akishuka mkamateni na wote wanaompokea."

Mwanaharusi alipiga hesabu. Wangemfuata hadi kwa Issufo. Wangeipata ngalawa, filamu na njia yote.

Na kopo akilitupa? Mlio usipotembea, wangemrudisha kabla boti halijang'oa nanga.

"Alzira wangu yumo kati ya wale arobaini," Amélia alisema taratibu. "Unafahamu?"

"Nafahamu, mama."

Akalivuta koti la sufu. Akafumua bitana begani, inchi nne. Akaichokonoa pamba, akapachika kidude na betri zake mahali pake, akarudishia. Mashine ya Singer ilizunguka mara tatu.

Amélia alitazama, akaelewa. "Mimi nalikunja," alisema. "Nalitia chini kabisa, chini ya viatu."

Kopo likajazwa unga na jiwe. Uzito ule ule.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, maji yalijaa. Ghuba ya Tungue, hapo Palma, maji yakitoka hukauka mbali. Maji yakijaa vyombo vyote hutoka pamoja. Lancha ya Inspekta upande huu, boti la Moroni upande ule.

Askari alilipekua kapu la Mwanaharusi. Alipomfikia papa mkavu aliziba pua.

"Funga. Funga, senhora."

Filamu ilikuwa ndani ya papa, imeshonwa kwenye mpira.

Henrique alipita, bastola ya Walther kiunoni, sanduku likibebwa nyuma yake. "Unarudi kwenu, Mwanaharusi?"

"Ndiyo, chefe. Kama wewe."

Henrique alicheka. Akapanda lancha yake.

Mwanaharusi alipanda boti. Akageuka.

Rachide alikuwa ameketi nyuma yake.

"Nakusindikiza hadi Rongui, dada. Nina wateja. Kopo liko salama?"

"Amana ya mtu."

Rachide alilinyanyua, akalipima, akalirudisha. Chini ya kanzu paja lake la kulia lilitokeza pembe. Bastola.

Nyuma ya rasi, redio ya lancha ya doria iliita kutoka kituoni.

"Doria, mnausikia?"

"Tunausikia. Unakwenda kusini."

"Fuateni."

Saa sita boti lilitia nanga Rongui. Mwanaharusi aliteremka na kapu kichwani, maji yakimfika magotini. Rachide alifuata. Alitazama baharini. Akatazama tena.

Bahari ilikuwa tupu.

"Unangoja mtu?" Mwanaharusi aliuliza.

Mkono wa Rachide ulikwenda pajani. Haukufika. Issufo alitokea nyuma ya mikoko, bastola ya Makarov ikatua ubavuni mwake.

"Taratibu, mwenzangu. Nguo mpya hiyo, tusiichafue."

Rachide aliinua mikono. "Nilikosea wapi?"

"Mjane hajipaki marashi, kaka," alisema Mwanaharusi. "Ungeuliza mtu yeyote."

Wakamfunga kwa kamba ya nanga, wakamlaza kwenye ngalawa. Mashine ya Johnson ikanguruma kuelekea kaskazini.

Jioni ile, gatini Mocímboa, wanajeshi kumi na wawili walimrukia mwanamume aliyekuwa akishuka na sanduku. Walimlaza kifudifudi. Beneti ikachana bitana la koti la sufu.

"Inspekta," nahodha wa doria alisema, "hiki kidude chetu kinafanya nini begani mwako?"

Henrique alieleza. Alieleza usiku kucha. Meli ya Lisboa haikumngoja.

Jumamosi, saa nne asubuhi, kambini ng'ambo ya Ruvuma. Mwanaharusi alikuwa amekaa juu ya sanduku tupu tangu alfajiri, bila kula. Filamu ilikwisha kusomwa, na njia kubadilishwa. Simu ya upepo ilikwaruza.

"Njia mpya ni safi. Waliovuka arobaini. Waliofika arobaini."

"Alzira?" aliuliza Mwanaharusi.

"Anaulizia chai."

Alisimama. Akajitwisha kapu.

"Pumzika kwanza, Tandu," Issufo alisema. "Kamanda anataka kukupa mkono."

"Atanipa siku nyingine. Papa wa watu ananuka."

Akashika njia ya Lindi, bila kugeuka.