Mkia wa Bi Pengo

Kila Jumamosi asubuhi, upepo wa Makambako ukiwa bado unauma masikio, Lightness alikaa na mama yake nyuma ya nyumba kuchambua maparachichi. Kazi ilikuwa na sheria moja. Parachichi lisilo na doa liliingia kwenye kreti ya mnunuzi. Lenye kovu, hata kama ni dogo kama ukucha, lilikwenda kwenye ndoo ya bluu, kuwa chakula cha nyumbani. Lightness alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini kwa kuona makovu hakuna aliyemfikia.

Shuleni nako, katika darasa la sita, alisifika kwa michoro. Mwalimu Gideoni, aliyefundisha sayansi, alipenda mchoro msafi: mstari mmoja, pande mbili sawasawa, bila doa. Daftari la Lightness lilijaa "Safi sana!" kwa wino mwekundu. Basi klabu ya sayansi ilipopata nafasi ya kwenda Mtwara kutazama nyangumi, hakuna aliyeuliza mchoraji atakuwa nani.

Safari ilipita Njombe, Songea na Masasi, siku mbili nzima. Watoto walioondoka nyumbani na masweta mawili mawili walifika Mtwara wameyafunga kiunoni, jasho likiwatiririka, wakichekana. Elius, rafiki yake Lightness, aliingiza mguu baharini akapiga kelele.

"Jamani! Nani amechemsha maji haya yote?"

Aliyewapokea alikuwa Bi Noela, mtafiti wa nyangumi. Aliwavalisha jaketi za kuokolea, akawapandisha kwenye boti ya injini.

"Nyangumi wenye nundu huja kwenye maji yetu ya joto kuzaa," aliwaeleza. "Tunawatambua kwa mkia. Chini ya mkia kuna mabaka meupe na meusi, na hakuna wawili wanaofanana. Nina kitabu chenye mikia zaidi ya mia mbili. Atakayeona mkia achore anachokiona."

Mawimbi hayakumhurumia Lightness. Nusu saa tu, tumbo lilimgeuka, akaenda kukaa nyuma ya boti amekumbatia ndoo. Ghafla watu wakapiga mayowe. Mtoto wa nyangumi alikuwa ameibuka upande wa mbele! Wote wakageukia huko, Bi Noela na kamera yake, Elius na simu ya mwalimu.

Ndipo mama yake mtoto yule alipoibuka nyuma, mbele ya macho ya Lightness peke yake. Alipumua kwa kishindo, akajikunja, akainua mkia juu. Ulikuwa mweupe kama unga wa sembe. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Upande wa kushoto ulikuwa umekatika kipande kikubwa, na kwenye shina la mkia palikuwa na kovu lililozunguka kama alama ya kamba. Kisha mkia ukazama. Lightness alisahau kutapika, akachora haraka haraka.

Bi Noela alipata picha nzuri za mtoto. Elius alipata picha tatu za kidole gumba chake. Mkia wa mama ulikuwa kwenye daftari la Lightness tu.

Jioni, walikofikia, Lightness aliutazama mchoro wake akaona aibu. Upande mmoja mzima, mwingine umekatika! Watu si watasema hajui kuchora? Alichukua karatasi mpya, akachora upande wa kulia, kisha akaunakili ule ule upande wa kushoto. Kovu hakulichora. Kesho yake alimkabidhi Bi Noela mkia mzuri usio na doa.

Wiki mbili baadaye, Mwalimu Gideoni aliingia darasani akiwa nusura aruke.

"Bi Noela amelinganisha mchoro wa Lightness na mikia yote kitabuni. Haufanani na wowote! Huyu ni nyangumi mpya, na sisi ndio tutakaompa jina. Jumatatu mchana tunamtumia jina hilo."

Darasa lililipuka kwa shangwe. Elius alipendekeza nyangumi aitwe Makambako, na mikono yote ikanyooshwa. Walimbeba Lightness mabegani hadi uwanjani, hata wa darasa la kwanza wakaja kumgusa. Alicheka pamoja nao, lakini moyo ulimwenda mbio. Alijua mkia ule aliouchora haupo katika bahari yoyote duniani.

Jumamosi alikaa tena kando ya kreti. Mama aliokota parachichi lenye mkwaruzo mrefu, akatabasamu.

"Hili ni la mti wa karibu na banda la ng'ombe."

"Umejuaje, mama?"

"Tawi lake linasugua bati upepo ukivuma. Kovu hili halitoki mti mwingine. Haya mazuri ya kwenye kreti ndiyo siyajui. Yamefanana yote."

Lightness aliliangalia kovu lile, na machozi yakamtoka. Alielewa sasa Bi Noela alikuwa anatafuta nini. Alimweleza mama yake kila kitu: pengo, kovu, karatasi mpya.

"Nikisema, jina litafutwa," alilia. "Wenzangu watanichukia."

"Huenda wakanuna," mama alisema, akimfuta machozi kwa upande wa kanga. "Lakini njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Daftari lenye mchoro wa kwanza unalo?"

"Ninalo."

"Basi Jumatatu lipeleke."

Jumatatu, Lightness alisimama mbele ya darasa akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema yote bila kuruka.

"Sasa si ungenyamaza tu!" Elius aliropoka. "Tayari tulikuwa na nyangumi wetu!"

Mwalimu Gideoni alitoa simu yake. Alipiga picha mchoro ule wenye alama za maji ya bahari, akamtumia Bi Noela. Kipindi cha hisabati kilipita. Kikaja cha Kiswahili. Hakuna aliyemtazama Lightness, naye hakuthubutu kuinua macho kutoka kwenye dawati.

Simu ililia karibu na chakula cha mchana. Mwalimu aliiweka sauti ya juu.

"Mwalimu, shikilia simu vizuri, watoto wasikie," Bi Noela alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia na kucheka pamoja. "Ninamfahamu huyu! Ni Bi Pengo! Miaka minne iliyopita alinasa kwenye nyavu, kamba ikamkata mkia. Wavuvi walimwokoa, akaondoka anavuja damu. Hatukumwona tena. Kitabuni nilimwandika amekufa. Kumbe yu hai, na amezaa!"

Darasa zima lilipiga kelele hadi wa darasa la jirani wakachungulia madirishani.

"Lightness yupo?"

"Nipo. Shikamoo, Bi Noela. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Kwa ule mchoro wako mzuri, Bi Pengo angebaki amekufa kitabuni, na nyangumi asiyekuwepo angekuwa anaogelea mahali pake. Usinirekebishie bahari tena. Sasa, Bi Pengo jina analo. Mtoto wake hana."

Safari hii jina lilitoka kwa Lightness. "Upepo," alisema, kwa sababu hakuna kitu cha Makambako kinachofika kila mahali kama upepo wake. Elius ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Mwalimu Gideoni alisubiri makofi yaishe.

"Wanangu, mimi nami nina kosa. Nimewafundisha kupenda mchoro msafi kuliko mchoro wa kweli. Kuanzia leo alama zitakwenda kwa mkweli. Mtu akiuliza umeona nini, mwambie ulichokiona, hata kama hakipendezi. Na ukikosea, rudi useme mapema, kama Lightness. Leo ukweli wake umeturudishia aliyekufa."

Jumamosi iliyofuata, Elius alikuja kusaidia kuchambua maparachichi, na kusema kweli alikula kuliko alivyochambua. Lightness alichagua kutoka ndoo ya bluu lile lenye mkwaruzo wa bati, akalipasua, akanyunyiza chumvi, akampa mama yake nusu.

"La banda la ng'ombe," alisema mama, akitafuna kwa furaha.