Bomba la Moshi la Papa Fidèle

TANGAZO RASMI! Wakazi wote wa uwanja huu, yaani watu, kuku na mbuzi mmoja asiye na adabu, wanaarifiwa kwamba leo Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, Mhandisi Mkuu Chimène atapaka rangi upya bomba la moshi la pikipiki. Wageni waheshimiwa wakae mbali.

Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni kwa bukari, yaani ugali uliobaki jana. Ilipofika saa tatu kamili, Mhandisi Mkuu alikuwa bado amelala, na mbuzi alikuwa amekwisha kula nusu ya tangazo.

Chimène alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amerudi nyumbani Kasongo kwa likizo kubwa. Kule bwenini, katika shule ya masista, walimjua vizuri. Ndiye aliyeweka chura ndani ya sufuria ya kugawia uji, kisha akasimama kwenye foleni mnyenyekevu kuliko masista wote. Tangu baba yake, Papa Fidèle, azikwe miezi miwili iliyopita baada ya homa ya siku nne, Chimène aliendelea kutania vilevile. Majirani walisema, “Mtoto huyu ana moyo wa chuma.” Yeye mwenyewe hakujua ana moyo gani. Aliteka maji, alifagia, alitwanga majani ya sombe, alikula, alilala. Utani ulimtoka mdomoni kama redio iliyosahauliwa ikiimba katika nyumba isiyo na mtu.

Pikipiki ilikuwa bado sebuleni, palepale Fidèle alipoiegesha mara ya mwisho aliporudi kutoka Kabambare. Hakuna aliyeigusa, na bomba lake la moshi lilikuwa limekula kutu. Siku ya Jumamosi Baba mdogo Baraka angefika kutoka Wamaza kuichukua, aendeleze kazi ya kaka yake ya kubeba abiria na mizigo, ili nyumba ile isilale njaa.

“Isitoke hapa kama kitu kilichookotwa jalalani,” alisema Mama Cécilia, mama yake Chimène. Alimpa Chimène brashi ya waya, msasa, kitambaa, na mkebe wa rangi nyeusi ya kuvumilia joto, walioununua kwa Mzee Atumani sokoni. “Kwanza usugue kutu yote mpaka chuma king’ae. Kisha ufute kwa petroli kidogo, nje, mbali na moto. Ndipo upake mara mbili, rangi iwe nyembamba. Umesikia?”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Chimène!”

“Ndiyo, Mama.”

Mama alipokwenda shambani, Chimène alisukuma pikipiki nje akaanza kusugua. Kutu ilianguka kama pilipili ya unga. Alikuwa amefika katikati ya bomba brashi ilipokwama kwenye doa la buluu, gumu, kubwa kama kucha ya kidole gumba.

Alilitambua. Mwaka uliopita baba yake alikwama kwenye tope katika njia ya Wamaza. Alisukuma pikipiki kwa nguvu hadi kisigino cha kandambili yake kikagusa bomba na kuyeyuka. Alirudi nyumbani na kandambili moja na nusu, akicheka peke yake.

Chimène alilitazama doa lile. Hakuhisi huzuni. Hakuhisi kitu. Mkono tu ndio uliokataa kwenda. Basi akaweka brashi chini, akafungua mkebe, akapaka juu ya kila kitu: doa, kutu na matope yaliyobaki. Alipaka mara moja tu, nene kama siagi.

Jioni Mama alilizunguka bomba, jeusi, linang’aa. “Umesugua lote?”

“Mpaka chuma kikaona haya.”

Mama akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga, na Chimène akaona kwamba sasa hawezi tena kurudisha neno lake.

Jumamosi Baba mdogo Baraka alifika, matope yamempanda hadi magotini. “Eh! Iko safi kabisa! Nani amepaka?”

“Mhandisi Mkuu,” akajibu Chimène akiinama kama waziri.

Baraka akawasha. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma. Baada ya dakika chache rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, halafu ikabanduka vipande vipande. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa uwanjani. Baraka akazima haraka.

“Wametuuzia rangi ya milango!”

Mama alimgeukia binti yake. “Chimène, ulisugua?”

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyemzuia kupita. “Nilisugua, Mama. Labda rangi ndiyo mbaya.”

Baba mdogo Baraka hakuwa mtu wa kungoja. Alikusanya vipande vya rangi ndani ya kitambaa, akamwambia Chimène abebe mkebe, wakaenda sokoni kwa hatua ndefu.

Mzee Atumani alikuwa akihudumia wateja watatu katikati ya minyororo ya baiskeli, misumari na sabuni.

“Mzee!” alipaza sauti Baraka. “Huoni haya kumdanganya mjane?”

Wateja wakageuka. Mama mmoja aliyeshika mkebe wa rangi ileile akaurudisha polepole mezani.

“Baba yangu aliuza hapa, na babu yangu aliuza hapa,” alisema Mzee Atumani. Hakupandisha sauti. “Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nionyeshe.”

Alichukua kipande kimoja, akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa mwekundu.

“Tazama, ndugu yangu. Rangi imeshika vizuri sana. Imeshika kutu. Kutu ndiyo iliyobanduka.”

Macho yote yakamwangukia Chimène. Alitafuta utani kichwani mwake. Alimtafuta chura, akamtafuta waziri, akamtafuta Mhandisi Mkuu; wote walikuwa wamekimbia.

“Sikusugua,” alisema kwa sauti ndogo.

“Sema kwa nguvu,” alisema Baraka. “Wamesikia nikitukana, wasikie na hilo.”

“Nilisugua nusu, nikaacha! Nikasema uongo. Rangi ya Mzee haina kosa.”

Yule mama akauchukua tena mkebe wake. Baraka akavua kofia. “Nisamehe, Mzee. Nimetanguliza mdomo, macho yamekuja nyuma.”

“Yameisha,” alisema Mzee Atumani. Kisha akatikisa mkebe wa Chimène. “Imebaki ya kutosha. Ukishapaka, iache ikauke mpaka kesho. Halafu washa dakika tano, zima, bomba lipoe. Fanya hivyo mara tatu. Rangi hii huiva polepole, kama maharage.”

Nyumbani Mama hakufoka. Alijifunga kitenge, akaketi chini, akachukua brashi. Chimène akachukua msasa. Walisugua bega kwa bega. Viganja vya Chimène vilichubuka, vikaanza kuuma. Kwa miezi miwili hakuna kitu kilichokuwa kimemuuma.

Brashi ya Mama ikafika kwenye doa la buluu. Ikasimama.

“Ni hapa ulipoachia?”

“Ndiyo, Mama. Ni kandambili ya Papa.”

Mama aliligusa kwa kidole. Kisha akaenda jikoni, akaleta kisu. “Libandue taratibu, ulitunze. Lakini lisikae juu ya chuma kinachooza. Kutu haikai matanga, mwanangu. Sisi tunalia, yenyewe inakula. Ukiifunika kwa rangi, inaendelea kula huku watu wanakusifu. Na uongo ni hivyohivyo: leo ulitaka kula jina la mzee wa watu. Kazi ikikushinda, sema ‘imenishinda’. Tutaifanya pamoja.”

Chimène alibandua kipande kile, akakitia mfukoni. Walifuta bomba, wakalipaka mara mbili, rangi nyembamba. Kesho yake Baraka akawasha pikipiki dakika tano, akazima, akawasha, akazima. Hakuna kilichobanduka.

Walipokuwa wakingoja bomba lipoe mara ya tatu, Chimène akasogea karibu na mama yake.

“Mama. Kuna jingine.”

“Mm?”

“Siku ya kumzika Papa sikulia. Nilijipaka mate mashavuni.”

Mama hakugeuka. Aliendelea kulitazama bomba.

“Nilikuona,” alisema. “Machozi hayaanzii shavuni, Mhandisi Mkuu. Nilikuwa ninangoja uniambie mwenyewe.”