Furu Aliyefumba Mdomo

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la sita, tukiishi Mabatini, Mwanza. Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini nilipita chumba cha sayansi kuwalisha furu watatu, dume mmoja na majike wawili, ndani ya tangi la kioo. Walikuwa wa Bwana Venant, mtafiti wa samaki, aliyenikabidhi niwatunze. Furu wa aina ile walikuwa wameadimika ziwani tangu sangara walipozidi, naye alitaka wazaane.

Masharti yake hayakuwa magumu: nawa mikono, suuza sabuni yote, tia unga wa dagaa kidogo, simama uone nani amekula, kisha andika kwenye daftari. Kuandika nilikupenda. Kusimama ndiko kulikonishinda, maana uwanjani wenzangu walikuwa wanacheza rede. Basi Jumatatu moja nikaandika "Wote wamekula" mpaka Ijumaa kwa mkupuo, nikawa natupia chakula na kukimbia.

Jumatano rafiki yangu Maige alichungulia tangini.

"We Odeta, jike huyu mbona hafungui mdomo? Na koo limemjaa!"

"Ameshiba huyo. Twende bwana, tutakosa timu!"

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Bwana Venant alikuja na ndoo na wavu. Tukamwamkia. Akasoma daftari, akatabasamu.

"Vizuri. Huyu jike amekula wiki nzima, kwa hiyo hana mayai. Leo namhamishia kituo chetu cha utafiti, akajaribiwe na dume mwingine."

"Kwani angekuwa na mayai asingekula?" Maige akauliza.

"Furu hawa hulea mayai mdomoni, mwanangu. Akiwa nayo hali kitu. Ukimvua akashtuka, anayatema, wenzake wanayala."

Wavu ulishagusa maji. Nikisema, shule nzima itajua mimi ni mwongo. Nikinyamaza, watoto wa yule samaki ndio basi tena.

"Bwana Venant, ngoja! Sijui kama amekula. Niliandika bila kuangalia."

Akautoa wavu polepole, akainama kwenye kioo. Jike akaachama kidogo, tukaona vidonge vya njano vimejaa ndani.

"Mayai," akasema kwa sauti ya chini.

Nikalishika daftari nichane ule ukurasa. Akanizuia.

"Usichane. Piga mstari mmoja juu ya uongo, uendelee kusomeka, halafu andika ukweli na jina lako."

Nikapiga mistari mitano. Mara tano nikaandika: "Sikuangalia. Odeta." Aibu niliyoiona mbele ya Maige, acha tu.

Bwana Venant akasoma yote.

"Samaki hawezi kuja kuniambia hajala," akasema. "Nami niko kituoni, simwoni. Nategemea macho yako. Ukiandika usichokiona, umenipofusha, na anayeumia ni yule asiyeweza kulalamika. Kesho hakuna shule, lakini samaki wapo. Njoo, usimame mpaka umeona."