Viunza Vinane

Habari hii aliisimulia kwanza Mwanakhamis binti Nyange, wa Wambaa, mwezi wa Machi mwaka 2017, siku ya tatu ya msiba, mbele ya wanawake wanne. Yaliyotokea msituni aliyapata kwa mumewe, Pandu, naye Pandu hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Mama yake Pandu, Bi Mwatima, alikuwa hajala siku ya nne. Alilala ubavu, uso ukutani, na mjukuu wake Asma, binti wa Pandu, mtoto wa miaka sita, alilala miguuni pake kumpasha joto. Pandu aliingia baada ya sala ya alasiri, akasimama kando ya kitanda, akamwangalia mama yake kutoka kichwani mpaka vidoleni.

"Waniangalia kama ng'ombe wa mnada," Bi Mwatima alisema bila kugeuka. "Sijafika bei."

Asma akacheka. Pandu hakucheka. Alichukua panga, akamwambia mkewe anakwenda kutafuta kuni.

Hazikuwa kuni. Alikwenda kukata viunza, ile miti inayolazwa juu ya maiti ndani ya kaburi kabla ya kurudishwa udongo. Msitu ule ni wa hifadhi, lakini kwa viunza walinzi hawakuzuia, ilimradi uwe na karatasi ya sheha, kiongozi wa kijiji. Mwaka wa nyuma alipokufa baba yake, sheha alikuwa Chake Chake. Hapakuwa na karatasi, na maiti ya mzee ikalala ndani mpaka asubuhi, watu wamekaa barazani wakinong'ona. Pandu aliapa kwamba mama yake hatasubiri hivyo. Alijua pia, kama kila mtu wa Wambaa, kwamba viunza havikatwi kabla ya mtu kukata roho na kupimwa. Alijua. Akaenda.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti. Alichagua miti myembamba, iliyonyooka. Mtu mzima huhitaji kumi na viwili.

Akakata cha kwanza. Ta!

Ndani ya msitu, panga jingine likajibu. Ta!

Mwangwi, alijiambia. Akakata cha pili, cha tatu, cha nne. Kila pigo lilijibiwa. Alipomaliza cha nane akapumzika, panga mkononi, halijasogea...

Ta!

Ikaja harufu ya karafumaiti, ile wanayopakwa maiti wakishaoshwa.

Juu ya kisiki, hatua tano tu, alikaa bibi aliyejitanda kaniki nyeusi. Hakuwa na panga.

"Nani kafa kwenu?"

"Hajafa ntu, bibi."

"Basi viunza vya nani?"

Pandu aliona haya kulitaja jina la mama yake mahali pale. "N'nakata kuni tu."

Bibi akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea kudanganywa. Aliinuka, akainama juu ya miti, akaigusa mmoja mmoja kwa kidole. Kila alipogusa, gome lililowa maji.

"Vinane," alisema. "Mtu mzima havimtoshi."

"N'taongeza."

"Usiongeze." Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Yuko ambaye vitamtosha."

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka kijijini. Pandu aligeuza uso kuielekea. Alipourudisha, kisiki kilikuwa kitupu. Alijitwika vile vinane, akakimbia. Hakuthubutu kubaki akate vinne vilivyosalia. Akavificha darini, jikoni, nyuma ya makuti.

Asubuhi Bi Mwatima aliamka akaomba uji. Akanywa bakuli mbili, akataka na ndizi. Nyumba nzima ilifurahi. Pandu peke yake alikwenda jikoni akavihesabu tena vile viunza.

Siku ya pili yake Asma akashikwa na homa.

Walimpeleka hospitali. Akapimwa, akatundikiwa maji, madaktari wakafanya waliloweza. Homa haikuwa na jina. Usiku ule, karibu na kitanda cha mtoto, Pandu alimweleza mkewe kila kitu. Mwanakhamis hakupiga kelele.

"Virudishe," alisema. "Virudishe sasa hivi, Pandu."

Alivirudisha kulipopambazuka. Alitafuta visiki vinane alivyoviacha, ili kila mti aulaze ulipokatwa. Alizunguka mpaka jua likapanda. Hakukiona hata kimoja. Miti yote ilisimama mizima, imenyooka, kama haijaguswa na mtu. Akavilaza viunza chini, akaomba radhi kwa sauti, akaondoka bila kutazama nyuma.

Jioni walimleta Asma nyumbani, maana alilia mno kumtaka bibi yake. Mlangoni palikuwa na viunza vinane, vimepangwa.

Vilikuwa vifupi. Kila kimoja kimepunguzwa shubiri moja, mkato mbichi, na vyote vinanuka karafumaiti.

Ridha, mlinzi wa msitu, alikiri baadaye kwamba ni yeye aliyevileta. Alivikuta njiani, akajua ni vya Pandu, aliyemwona navyo asubuhi, akadhani kuna msiba na mtu amevisahau. Lakini aliapa kwa Mungu kwamba hakuvikata. Alivikuta vifupi vile vile.

Asma alifariki kabla ya alfajiri. Mchana alizikwa. Waliokuwa kaburini walisema viunza vilitosha sawasawa, hakikuzidi wala kupungua hata kimoja.

Jioni ile Bi Mwatima alimwita mwanawe, akamkalisha pale miguuni.

"Ulinikatia mie?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mwatima alinyoosha mkono, akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto.

"Ungenisubiri, mwanangu. N'likuwa nakwenda."

Pandu alifariki mwaka 2020. Mkarafuu ulivunjika akiwa juu yake. Mwanakhamis yu hai, anakaa Mtambile kwa kaka yake. Ridha yu hai, lakini ameacha kazi ya msitu, na ukimuuliza sababu anabadilisha mazungumzo. Bi Mwatima yu hai. Macho yamezima, rika lake lote limekwisha, na kila baada ya sala anamwomba Mungu amchukue. Tangu asubuhi ile ya uji, hajaumwa hata kichwa.